Msimamizi wa Kitengo cha Mtu Mmoja

Kitengo cha Wadudu wa Ghala kina meza mbili, kiti kimoja na mtu mmoja. Mtu huyo ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, ana shahada ya uzamivu katika habari za fukusi, yaani wale wadudu weusi wadogo kuliko punje ya mchele wanaotoboa mahindi ghalani, na kwa mujibu wa muundo wa taasisi yeye ndiye mkuu wa kitengo. Ndiye pia mtumishi wa kitengo. Mkuu aliyemtangulia alistaafu miaka minne iliyopita; nafasi yake ikatangazwa, yeye akaomba, akapewa. Nafasi aliyoiacha yeye haijatangazwa mpaka leo.

Watafiti wa taasisi hiyo hawasaini daftari la mahudhurio. Kanuni ya kumi na mbili inasema mtafiti atafika na kuondoka kwa kadiri kazi yake inavyohitaji. Aliyeiandika kanuni hiyo alikuwa anawaamini watu. Hajulikani ni nani, wala hajatokea mtu wa kujisifu kwamba ni yeye.

Nyumbani kanuni ya kumi na mbili ilieleweka upesi kuliko kazini. Mume wake ni mwalimu wa hesabu, ana kengele. Wifi yake ni muuguzi, ana zamu. Yeye hana kengele wala zamu, kwa hiyo ikaamuliwa, bila kikao, kwamba hana kazi ila ana mahali pa kwenda. Mtungi wa gesi ukiisha, ni yeye. Mkutano wa wazazi shuleni, ni yeye. Kumsindikiza mama mkwe popote, ni yeye, maana mama mkwe anaishi nao na ana mahali pengi pa kwenda.

"Mwanangu, wewe ni daktari," mama mkwe alimwambia asubuhi moja akiwa ameinua gauni. "Niangalie hili goti."

"Mama, mimi ni daktari wa wadudu."

"Basi angalia kama lina mdudu."

Akaliangalia. Halikuwa na mdudu.

Mwaka huo alikuwa na chupa sitini mezani. Aina sita za mahindi, kila aina chupa kumi, kila chupa punje mia moja na fukusi wa kutosha kutaga mayai. Baada ya siku chache wazazi huondolewa, mayai hubaki ndani ya punje, na kazi inayofuata ni kusubiri watoto watoboe watoke. Alitaka kujua ni mahindi gani yanawachelewesha. Si jambo dogo hilo. Kuna watu wanalima miezi mitano, wanavuna, wanaweka ghalani, wanafunga mlango, na fukusi wanafungiwa ndani pamoja na chakula cha mwaka mzima. Siku tatu nne za kuchelewa katika kila kizazi cha wadudu zinaweza kuamua ghala lifike mavuno yajayo au lisifike. Aina ya tano, mbegu ya rangi ya kahawia ambayo bibi mmoja mkulima alileta ndani ya soksi, ilikuwa na dalili nzuri.

Ili kujua siku ya kutoka, ni lazima kuangalia kila siku. Akajipangia saa nne asubuhi, siku themanini mfululizo. Unafungua chupa, unachekecha, unahesabu waliotoka, unaandika. Kama hakuna aliyetoka unaandika sifuri. Sifuri nayo ni hesabu. Chupa sitini huchukua saa moja na nusu kama hupigiwi simu.

Hakuna anayemwona. Angeweza kuhesabu Jumatatu, akaandika mpaka Ijumaa, akaenda zake. Fukusi hawasemi.

Siku ya tisa mama mkwe alitakiwa kwenda kuchukua miwani. Duka la miwani lilisema saa tatu. Miwani ikaja saa saba, ya mtu mwingine. Alipofika maabara saa tisa alifungua daftari kwenye mstari wa siku ya tisa. Siku ya tisa hakuna fukusi anayeweza kuwa ametoka. Hilo liko katika kila kitabu, na kimoja cha vitabu hivyo yeye mwenyewe aliandika sura yake ya nne. Sifuri sitini zingekuwa za kweli. Lakini saa nne ilikuwa imepita hajaangalia, na sifuri ambayo hukuiangalia si sifuri. Akaandika: *Sikuhesabu.*

Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwingine asingelifanya. Kanuni za utumishi zinasema mtumishi asipotimiza kazi bila ruhusa, mkuu wa kitengo humwandikia onyo. Akatafuta mkuu wa kitengo. Akavuta karatasi.

*Kumb. Na. KWG/01. Yah: Onyo kwa kutohesabu. Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Katika siku ya tisa ya jaribio ulishindwa kuhesabu chupa sitini kwa kuwa ulikuwa katika duka la miwani. Sababu inaeleweka lakini haikubaliki. Unaonywa. Nakala: Jalada la mtumishi.*

Akasaini juu kama mkuu, akasaini chini kama aliyepokea. Hakuwa anatania. Watu wengi hujilaumu moyoni, na lawama ya moyoni huyeyuka ifikapo saa ya chakula. Yeye alitaka ya kwake iwe na tarehe. Akaiweka kwenye trei ya barua kwa sababu mezani palijaa chupa, akaanza kuchekecha.

Siku ya ishirini na moja wifi yake alimpigia simu.

"Wifi yangu wa wadudu! Kesho fundi wa friji anakuja kwangu, kati ya saa mbili na saa nane. Nenda ukamfungulie."

"Kesho niko kazini."

"Kazini wapi? Si unajipangia wewe? Au fukusi watakushtaki?"

"Saa nne nahesabu."

"Wasipohesabiwa hawazaliwi? Mimi nikienda likizo watu wanajifungua vilevile, na watoto wana afya."

Akaenda. Fundi alifika saa nane kasoro dakika tano, akaigonga friji ubavuni, ikawaka. Barua KWG/02 ilitaja jina la jaribio, siku na friji.

Barua ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Siku ya arobaini na moja hakuna aliyempigia. Mama mkwe alikuwa amelala, gesi ilikuwepo, friji za ukoo mzima zilikuwa zinagandisha. Aliketi kitandani amevaa kiatu kimoja, akafikiria chupa sitini, na chupa sitini tena kesho, na kesho kutwa, na hakuvaa cha pili mpaka saa sita. Katika KWG/03, kwenye nafasi ya sababu, mkuu wa kitengo aliandika: *Hakuna.*

Taasisi ina tarishi mmoja, naye ni mtu wa kufuata maandishi. Akikuta barua kwenye trei huisoma mstari wa mwisho tu, na mstari wa mwisho ukisema jalada la mtumishi, huipeleka masjala. Karani wa masjala hufungua jalada la mtumishi na kuitoboa barua matundu mawili ya kuifungia. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Jalada lilipofikisha onyo la tatu, karani akalipeleka kwa Ofisa Utumishi, kama kanuni inavyotaka. Mtumishi mwenye maonyo matatu ndani ya mwaka mmoja haongezewi mkataba, na mkataba wa mtaalamu wa fukusi ulikuwa unaisha mwezi uleule jaribio linapoisha.

Ofisa Utumishi hajachelewa kazini kwa miaka kumi na moja. Saa moja na nusu yuko kwenye kiti, koti kwenye msumari, kalamu tatu mfukoni. Hakuna aliyewahi kuuliza anawahi nini. Kwa muda mrefu alikuwa akiiona kanuni ya kumi na mbili kama tundu katika paa, akitaka ifutwe, na sasa alikuwa na ushahidi mkononi, wenye namba ya kumbukumbu.

Kamati ya nidhamu ilikaa siku ya arobaini na saba, saa nane mchana, baada ya yeye kuomba isiwe saa nne. Walikuwa watatu: Mkurugenzi, Ofisa Utumishi, na dereva wa gari la taasisi, ambaye ni mwakilishi wa wafanyakazi.

"Kabla hatujaanza," alisema dereva, "mtuhumiwa ni nani?"

"Daktari," alisema Ofisa Utumishi.

"Mlalamikaji?"

"Mkuu wake wa kitengo."

"Yuko wapi?"

"Daktari," alisema Ofisa Utumishi.

Dereva akaandika. "Sawa. Nataka tu nijue namtetea nani."

Mkurugenzi ni mtu asiyependa kesi. Aliisoma KWG/03 mara mbili, akavua miwani. "Daktari, mama yangu, jambo hili ni jepesi. Andika sentensi moja: barua hizi zilikuwa utani. Tunazitoa kwenye jalada, tunakunywa chai."

"Hazikuwa utani, Mkurugenzi."

"Najua. Andika tu."

"Siku hizo tatu zimo pia kwenye daftari la jaribio. Nimeandika sikuhesabu. Nikisema barua ni utani, atakayesoma daftari atauliza ni mistari gani mingine ya utani."

"Kinyozi hajinyoi, Daktari," alisema Ofisa Utumishi, kwa upole kabisa. "Ndiyo hoja yangu. Mtu hawezi kujisimamia. Hata wewe umethibitisha kwa maandishi, mara tatu."

"Nimekosa siku tatu katika arobaini na saba. Unajua kwa sababu gani unajua?"

Ofisa Utumishi alizitazama barua tatu mezani.

"Kwa sababu nimekwambia," alisema Daktari.

Hapo ndipo kamati ilipaswa kwenda nyumbani. Taasisi nzima ya utafiti inasimama juu ya watu wanaosema ukweli kuhusu walichokiona wakiwa peke yao. Ukiliondoa hilo hubaki na majengo, uzio na gari la dereva. Lakini kamati haiendi nyumbani bila azimio. Ikaazimia kwamba kwa siku thelathini na tatu zilizobaki, Daktari atahesabu chini ya usimamizi. Ofisa Utumishi atafika kila siku saa nne na kusaini daftari. Sahihi thelathini na tatu zikitimia, maonyo yataondolewa na mkataba utaongezwa. Ikikosekana moja, mkataba utakwisha na chupa zitaoshwa.

"Ikikosekana kwa sababu ya nani?" aliuliza dereva.

"Ikikosekana," alisema Mkurugenzi, naye akafunga jalada.

Nyumbani habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe.

"Kwa hiyo sasa unaangaliwa?" aliuliza wifi.

"Kila siku, saa nne."

"Na mtu mzima?"

"Mtu mzima."

"Hongera, wifi! Mbona hukusema umepata kazi?" Na tangu siku hiyo hakumpigia tena kabla ya saa sita. Mama mkwe alipotaka kwenda kupima tena macho, alimwamsha mwanawe, mwalimu wa hesabu, akamwambia aombe ruhusa, kwa kuwa mkewe ana bosi. Mwalimu akaomba ruhusa. Kumbe ruhusa huombwa.

Siku ya arobaini na nane Ofisa Utumishi alifika saa nne kasoro dakika tano, akiwa amebeba kiti chake kwa sababu alijua kitengo kina kimoja. Akaketi. Akaangalia chupa ya kwanza ikichekechwa, ya pili, ya tatu.

"Zote zinafanana," alisema kwenye chupa ya kumi na nne.

"Ndiyo."

"Na hii inaisha saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

Akasaini. Siku iliyofuata alikuja na gazeti, na siku ya tatu aliliacha, akaomba kuhesabu chupa moja. Alipata fukusi kumi na saba. Daktari akarudia, akapata kumi na saba. Ofisa Utumishi aliikumbuka hesabu hiyo siku nzima, akamwambia mkewe. Jumamosi alikuja. Alipoaga aliuliza, "Kesho je?"

"Saa nne."

"Kesho Jumapili."

"Fukusi hawajui."

Jumapili ile alikuja, amevaa nguo za Jumapili, hakuketi. Jumapili ya pili hakuja. Daktari alihesabu chupa sitini, akaandika hesabu, na kwenye safu ya msimamizi, kwa wino uleule na herufi zilezile, akaandika: *Hakufika.*

Aliweka kalamu chini. Alijua amejiandikia nini. Mkataba wake ulikuwa umekwisha pale, siku ya hamsini na tisa ya jaribio, saa tano na nusu asubuhi, kwa neno moja alilolitia mwenyewe. Kesho yake alifika saa nne.

Baada ya hapo Ofisa Utumishi alikosa siku mbili kwa ajili ya semina ya matumizi bora ya muda. Akakosa nyingine za mwisho wa wiki. Akakosa Jumanne moja, na siku nyingine tatu za kazi. Alipokuja alikuja vizuri, alichekecha kwa mkono mwepesi, na alianza kuzijua chupa za aina ya tano kwa sababu zilikuwa zimechelewa na ndizo pekee zilizompa la kuuliza. Lakini kila siku ni siku nyingi sana. Hilo mtu halijui mpaka ajaribu.

Siku ya sabini na tisa, kazi ilipokwisha, alibaki. Akafunga mlango, akavuta kiti chake karibu, akatoa kalamu mbili.

"Daktari, leta daftari. Kuna sehemu sijasaini."

"Kuna sehemu hukufika."

"Ndiyo, ndiyo. Kumi hivi."

"Kumi na moja."

"Kumi na moja. Nisaini, kesho tumalize, wewe upate mkataba wako, na mimi nisiulizwe. Hakuna anayeumia."

Daktari aliweka mkono juu ya jalada la daftari. Si kwamba hakutaka mkataba. Alikuwa amekwisha pita kwenye taasisi nyingine za utafiti, kwa barua, na zote zilimjibu kwamba zimepokea barua.

"Siku hizo hukuwepo," alisema.

"Lakini wewe ulikuwepo!"

"Nilikuwepo. Ndiyo maana najua hukuwepo."

"Dada yangu, nisikilize." Sauti ilikuwa imemshuka, hakuwahi kumwita dada. "Mimi najua ulihesabu. Nimekaa nawe. Wewe hata mvua inyeshe mawe utahesabu. Nitasaini jambo ninalolijua."

"Hulijui. Unaliamini."

"Kuna tofauti gani?"

"Kitengo hiki kiliundwa kwa ajili ya hiyo tofauti."

Ofisa Utumishi aliangalia chupa, kisha kalamu zake, akazirudisha mfukoni moja baada ya nyingine. "Watakufukuza," alisema.

"Najua."

"Kwa makosa yangu."

"Hilo waulize wao."

Kesho yake, siku ya themanini, alifika saa nne kasoro dakika kumi. Walihesabu pamoja, chupa thelathini kila mmoja. Akasaini mstari wa mwisho.

Kamati ikakaa siku iliyofuata, asubuhi. Daftari lilikuwa mezani. Mkurugenzi alipitisha kidole kwenye safu ya msimamizi, midomo ikihesabu. "Sahihi ishirini na mbili," alisema. "Zinapungua kumi na moja." Alionekana kuumwa. "Daktari, azimio ni azimio. Una la kusema?"

"Sina. Zimepungua kumi na moja."

"Mimi ninalo," alisema Ofisa Utumishi, akasimama. Katika miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumwona akisimama kikaoni isipokuwa kufungua dirisha. "Hizo kumi na moja ni zangu. Daktari hakukosa hata moja katika hizo thelathini na tatu. Tano zilikuwa za mwisho wa wiki. Mbili nilikuwa semina."

"Na nne?" aliuliza dereva.

"Nne nilikuwa ofisini kwangu."

"Ukifanya nini?"

Ofisa Utumishi alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, hilo lilionekana sasa, ila hakuwa amepewa nafasi ya kulitumia.

"Nilikuwa nimewahi," alisema.

Dereva aliandika hilo, akalipigia mstari. Kisha akasema kwamba yeye, kama mwakilishi wa wafanyakazi, haoni jinsi mtumishi anavyoweza kuachishwa kazi kwa kuwa msimamizi wake hakuja kumwona akifanya kazi, na kama jambo hilo litapita yeye kuanzia kesho hataendesha gari mpaka aje mtu wa kuketi pembeni yake na kusaini kila kona.

Mkurugenzi aliomba dakika kumi, akatumia tatu. Azimio la pili lilikuwa fupi kuliko la kwanza: usimamizi umekomeshwa kwa kukosekana msimamizi, maonyo matatu yatabaki jaladani kwa kuwa mwenyewe hataki yatoke, mkataba unaongezwa miaka mitatu. Kuhusu kanuni ya kumi na mbili, Ofisa Utumishi aliulizwa kama bado anataka ifutwe. Alisema angependa kwanza ajaribu kuitumia yeye mwenyewe, kwa wiki moja, aone. Mkurugenzi alimwambia asijaribu.

Daktari aliwashukuru, akarudi kitengoni. Ilikuwa saa tano kasoro robo. Kwenye daftari hapakuwa na mstari wa siku ya themanini na moja. Aina ya tano iliwachelewesha fukusi siku nne, kwa wastani, na katika kila jedwali atakalochapisha patakuwa na alama ndogo chini ya siku ya tisa, ya ishirini na mbili na ya arobaini na moja, na maelezo kwa nini hapana namba. Aliketi kwenye kiti. Hakuna aliyekuwa anamsubiri popote, wala hakuna kanuni iliyomzuia kwenda nyumbani kulala mpaka Jumatatu ijayo.

Alikaa hivyo kama robo saa. Kisha akainuka, akapandisha mikono ya gauni, akafungua bomba na kuanza kuosha chupa ya kwanza.